Msitupanulie Chumba cha Dharura

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Embu, Waziri wake wa Afya na Wawakilishi Wadi wote. Nakala kwa wenzenu wa Tharaka-Nithi na Meru

Waheshimiwa,

Kila mnapotuita kutoa maoni kuhusu bajeti, ombi la afya huwa ni lile lile. Mzee mmoja husimama, akavua kofia, akasema hospitali imejaa, watu wanalala kwenye mabenchi, tujengewe jengo kubwa zaidi. Tunapiga makofi, karani anaandika. Pesa zikipatikana, jiwe la msingi linawekwa, utepe unakatwa, na haupiti muda jengo jipya linajaa kama la zamani. Mimi ni mkazi wa Kanja, nina kahawa na majani chai kidogo, na ombi langu safari hii ni kinyume cha hilo. Msitupanulie chumba cha dharura. Pesa hizo zipelekeni kwenye milango miwili ambayo haina utepe wa kukata: ule ambao mgonjwa angepitia kabla ya kufika hospitali kubwa, na ule ambao angetokea akishatibiwa.

Nieleze ninachokiona, ingawa nadhani hata nyinyi mmekiona, maana hakuna mtu wa Embu ambaye hajawahi kukesha na mgonjwa. Ingia hospitali yoyote kubwa ya umma upande huu wa Mlima Kenya, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu usiku. Kuna kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, umefungwa kwa leso na kipande cha mbao. Kuna mtoto mwenye homa, ambaye mama yake alianza kuhangaika naye tangu saa kumi jioni. Kuna mzee ambaye mdomo umekwenda upande na mkono mmoja hauinuki. Kuna mjamzito anayetokwa na damu, kuna aliyeumwa na nyoka akaletwa kutoka pande za chini za Mbeere, kuna mlevi aliyepasuka kichwa na anataka kumpiga mlinzi. Wote wako kwenye foleni moja. Mara nyingi anayetazamwa kwanza ni yule mwenye kelele, na aliye mahututi kwa kawaida hana pumzi ya kupigia kelele.

Hiyo ni siku ya kawaida. Ziko siku nyingine. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizopigwa vibaya zaidi. Waliopona, baadhi yao walitoka hospitalini wakiwa hawaoni. Februari 2024 jirani zetu wa Kangai, kaunti ya Kirinyaga, nao wakazika watu kwa sababu ya pombe ya namna hiyo. Ajali ya matatu kwenye barabara ya Embu kwenda Meru huleta majeruhi kumi kwa mpigo. Chumba ambacho kimejaa pomoni siku ya Jumanne isiyo na tukio lolote hakina pa kuwaweka watu wa siku kama hizo, na hilo ndilo linalonitia hofu kuliko mabenchi yenyewe.

Sasa, kwa nini foleni haisogei? Jibu la haraka ni kwamba madaktari ni wachache, na ni kweli. Lakini kaa pale mpaka alfajiri uone. Daktari ameshamtazama mzee wa kiharusi na ameandika alazwe. Saa nne zinapita, mzee bado yuko juu ya machela, pale pale karibu na mlango, kwa sababu wodini hakuna kitanda. Muuguzi aliyepaswa kupokea wagonjwa wapya sasa anamgeuza mzee ubavu, anabadilisha dripu, anamtafutia blanketi. Machela za wanaoingia zimekaliwa na waliokwisha kuingia. Yeyote aliyewahi kupeleka kahawa kiwandani mwezi wa Novemba anaijua hali hii: meza za kuanikia zikijaa, hata mashine ya kumenya iwe kubwa namna gani, foleni ya magunia itafika barabarani. Meneja mwenye akili hanunui mashine nyingine. Anatafuta nafasi mezani.

Wala msidhani ni tatizo la nchi maskini peke yake. Mwaka 2004 Uingereza iliweka lengo kwamba katika hospitali za England karibu kila anayefika kwenye dharura awe amehudumiwa na kuondoka, au amelazwa, ndani ya saa 4. Baadaye lengo likawa watu 95 kati ya kila 100, na kwa hesabu ya nchi nzima halijafikiwa tangu Julai 2015. Fedha walizo nazo wenzetu hao sisi hatuzioti. Moja ya sababu zinazotajwa kila msimu wa baridi ni vitanda vilivyokaliwa na watu ambao matibabu yao yamekwisha, ila hawana wa kuwatunza wakifika nyumbani. Kwetu watunzaji tunao, tena wengi, wamejaa nje ya lango na chupa za uji. Kinachomzuia mtu wetu kitandani ni bili.

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa kuwa katika mijadala yote ya afya niliyosikiliza redioni, haya ya bili na vitanda huwa yanazungumzwa kama mambo mawili tofauti. Bili ni huruma, vitanda ni miundombinu. Nasema ni jambo moja.

Jirani yangu alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu nina hakika ingeweza kuwa nyingine yoyote. Ijumaa mchana daktari alimruhusu aende nyumbani. Afisa wa huduma za jamii, ambaye ndiye anayepokea maombi ya kusamehewa bili, alikuwa ameshafunga ofisi hadi Jumatatu. Jumatatu familia ikaambiwa ilete barua ya chifu. Barua ikaja, ikabidi kusubiri kamati, nayo kamati hukaa kwa siku zake. Huku nyumbani tukafungua kundi la WhatsApp la mchango, mnajua yalivyo, wa kwanza kutuma shilingi 200 ni mtu asiye na kazi. Muda huo wote mama yule mzima alikuwa anakula chakula cha hospitali na kulala kwenye kitanda cha hospitali, na kila asubuhi bili yake ilikuwa imenenepa kwa gharama ya usiku uliopita. Ghorofa ya chini, bila shaka, kulikuwa na mtu juu ya machela anayesubiri kitanda hicho hicho.

Sheria imeshalisema hili. Mwaka 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumzuilia mtu hospitalini kwa sababu hajalipa kunavunja Katiba. Uamuzi ule ulitetea utu wa wale akina mama, na ulistahili kutosha. Kwa kuwa haujatosha, nawaletea hoja ya mhasibu. Mtu ambaye leo hana shilingi elfu 40 hatakuwa nazo baada ya kulala siku kumi zaidi. Atakuwa anadaiwa elfu 40 na gharama ya siku kumi. Hospitali inamlisha mdaiwa wake ili deni likue, na inamnyima kitanda mgonjwa mwingine ambaye bima yake ingelipa. Hakuna mwenye duka wa Kanja anayeweza kuendesha biashara hivyo.

Kwa hiyo naomba agizo, na liandikwe kwenye karatasi yenye muhuri: aliyeruhusiwa na daktari anatoka siku hiyo hiyo. Kama hajalipa, anaweka saini ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, na mdhamini wake anaweka saini pia. Tumezoea, ndivyo tunavyokopa kwenye chama. Afisa wa huduma za jamii awepo Jumamosi na Jumapili, na maombi ya kusamehewa yaanze siku mgonjwa anapolazwa, si siku anapotoka. Daktari anayezunguka wodini aanze na wale wanaotarajiwa kwenda nyumbani, ili saa tano asubuhi vitanda vyao viwe vimetandikwa upya. Najua mtaniambia kwamba wapo watakaotoroka na deni. Wapo. Hata sasa wapo, wanapita kwenye ua usiku. Pimeni hasara yao dhidi ya gharama ya kuwalisha na kuwalaza wasio na kitu, kisha mtuonyeshe hesabu hiyo hadharani.

Tuje kwenye mlango wa mbele.

Huwa nasikia viongozi wakiwalaumu wananchi kwa kuruka ngazi. Kwamba mtu ana mafua, badala ya kwenda zahanati, anakimbilia hospitali ya rufaa kujaza foleni. Nawaomba mfuatane na mama mmoja wa Kanja ambaye mtoto wake amepata homa saa mbili usiku. Zahanati nyingi hufungwa saa kumi na moja jioni, na wikendi ni bahati. Duka la dawa likiwa wazi atauziwa dawa ya maumivu na pengine antibayotiki ambayo mtoto haihitaji. Akiamua kutafuta mtu wa kumpima, ni bodaboda hadi Runyenjes, na akili yake tayari inamwambia kwamba wakikosa kipimo au dawa pale, ataambiwa aende Embu, alipe nauli ya pili. Basi anaenda Embu moja kwa moja. Ametumia hesabu nzuri. Atakayemlaumu amweleze alipaswa kubisha mlango upi.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria nne za afya kwa pamoja, ikiwemo ile ya huduma za msingi, na tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF tumeambiwa kwamba kwenye zahanati na vituo vya afya hatulipi kitu. Mfuko wa huduma za msingi ndio unaolipa. Ni jambo jema. Lakini huduma ya bure ndani ya jengo lililofungwa kwa kufuli haimponyi mtu.

Sisemi zahanati zote zikeshe. Hatuna watu wala pesa za hivyo, na mkijaribu kila mahali mtashindwa kila mahali. Chagueni vituo vichache vya afya kwenye barabara kuu na kwenye njia za kutoka Mbeere, vile ambavyo gari linafika hata mvua ikinyesha. Kila kimoja kiwe na tabibu na muuguzi usiku kucha, taa isiyotegemea stima peke yake, mtungi wa oksijeni wenye oksijeni ndani, kipimo cha malaria na cha sukari, dawa ya kifafa cha mimba, na kwa vituo vya Mbeere dawa ya sumu ya nyoka. Kisha tangazeni majina yao kwenye redio zetu kila jioni mpaka kila bibi ayakariri: usiku huu, huku ndiko kuliko wazi. Kituo ambacho leo kipo wazi na kesho kimefungwa ni kibaya kuliko ambacho hakipo, kwa sababu humpotezea mgonjwa saa moja ya maisha yake.

Watu wa kuwaweka humo wapo. Kuna matabibu na wauguzi waliosomeshwa na wazazi kwa kuuza ng'ombe, wana vyeti na leseni, na wanachuma majani chai vijijini kwa kukosa ajira. Madaktari walipogoma kwa siku 56 mwaka 2024, ugomvi mkubwa ulihusu waliohitimu ambao serikali ilikuwa haijawapeleka kwenye mafunzo ya kazi au haikutaka kuwalipa walichoahidiwa. Nchi inayolia haina wahudumu ndiyo hiyo inayowaacha nje ya lango.

Mnao pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale karibu laki moja waliopewa mabegi na simu kote nchini mwaka 2023. Ndani ya begi kuna mashine ya presha na ya kupima sukari. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kwenu, na ombi langu hapa ni fupi: nusu yenu ifike kwa wakati. Yule mzee wa mdomo uliokwenda upande angepimwa presha sebuleni kwake kila mwezi, akapata vidonge vya bei nafuu kwenye zahanati, pengine leo angekuwa anapalilia mahindi. Kiharusi kikishatokea, hakuna jengo linaloweza kurudisha mkono ule.

Kuhusu hospitali yenyewe, kuna jambo mnaloweza kulianza Jumatatu ijayo bila mfuko mmoja wa saruji. Mjini Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilikuwa na idara ya watoto iliyoelemewa kupita kiasi. Walichofanya miaka ya mwanzo ya 2000 ni kupanga upya namna ya kupokea. Kila mtoto anatazamwa mara tu anapofika, na mtu aliyefunzwa kutafuta dalili chache: anapumuaje, mikono yake ni ya baridi, anaitika akiitwa? Mwenye dalili ya hatari anapita moja kwa moja hadi kwenye oksijeni na dripu, kadi itaandikwa baadaye. Vifo vya watoto waliolazwa vilipungua kwa karibu nusu. Utaratibu huo si mgeni kwetu. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Wellcome Trust wamesaidia kuufundisha nchini kwa karibu miaka 20 kwa jina la ETAT+. Kwa watu wazima, Afrika Kusini ilitunga mwaka 2004 mfumo wa rangi ambao muuguzi anaweza kuufuata bila kumsubiri daktari: nyekundu sasa hivi, chungwa hivi punde, njano asubiri kidogo, kijani anaweza kukaa.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Katika hospitali zetu anaulizwa kitambulisho, namba ya SHA, na kama ameleta faili la zamani. Muuguzi wa kupanga wagonjwa asimame mlangoni, mbele ya dirisha la usajili, saa 24, na asiondolewe kwenda kuziba pengo wodini. Najua ndiye wa kwanza kuondolewa kila mtu mmoja anapougua. Hapo ndipo utaratibu wote hufa, kimyakimya, na rangi zikabaki ukutani.

Sipingi majengo yote. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara kamili ya dharura Januari 2010, na ilihitaji jengo. Lakini mwaka huo huo walianza kusomesha madaktari bingwa wa dharura, na Watanzania wakajipatia kizazi cha wataalamu ambao leo wanafundisha wengine. Kama ni lazima mjenge, jengeni hivyo, watu wakitangulia.

Kisha kuna barabara. Mgonjwa wa Kanja hufika hospitali kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili, au kwa gari la probox ambalo mwenyewe amebembelezwa kutoka kitandani na anataka mafuta kwanza. Ambulensi za kaunti zipo, na madereva wake wanafanya kazi ngumu, ila nyingi zinafanya safari za kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali hadi hospitali, kijijini hazifiki. Tanzania wana mpango uitwao m-mama. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, mtu anapiga 115 bila malipo, anayepokea simu anatafuta ambulensi, na ikikosekana anamtuma dereva wa kawaida wa karibu aliyesajiliwa na kufunzwa. Dereva akifikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Ulianzia Kanda ya Ziwa, sasa umeenea nchi nzima. Madereva wa probox na vijana wa stejini wapo Kanja, Runyenjes, Kiritiri, Siakago na Ishiara, na M-Pesa ilizaliwa hapa hapa Kenya. Sajilini kumi kila soko, wapeni mafunzo ya kuzuia damu na kumbeba aliyeumia mgongo, wapeni namba moja, na muwalipe siku hiyo hiyo. Mkikawia kuwalipa mara mbili, mara ya tatu simu itaita bila kupokelewa.

Anayepokea simu hiyo awe pia anajua vitanda viko wapi. Oktoba 2015 mtu aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi mjini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kutoka hospitali hadi hospitali, na baadaye akafa. Ibara ya 43 ya Katiba ilikuwa tayari inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo yanaanzia njiani kabla ya hospitali na yanajumuisha kumtafutia mgonjwa pa kupelekwa. Maneno hayo yanahitaji mtu mmoja mwenye simu na orodha iliyosahihishwa kila saa.

Ndiyo maana nimewatumia nakala wenzenu wa Tharaka-Nithi na Meru. Barabara yetu inapita kaunti tatu, na anayepata ajali hachagui upande wa mpaka. Kuna hospitali ya Runyenjes, kuna Kyeni ya Wakatoliki, kuna Chuka, kuna Chogoria ya kanisa la PCEA, kuna hospitali za rufaa za Embu na Meru. Zote ziko kwenye ukanda mmoja, na ningependa kuona siku ambayo dereva anaambiwa kitanda kipo Chogoria, geuza. Leo kila kaunti ina ambulensi zake, namba zake na ugomvi wake wa nani atalipa mafuta.

Hilo linanileta kwenye pesa. Embu ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, hospitali yake ilijengwa kuwahudumia watu wengi kuliko wa Embu, na bado inawahudumia. Wanakuja wa Kirinyaga, wa Tharaka-Nithi, hata wa Kitui. Kwa sababu hiyo serikali kuu ilikuwa ikitoa ruzuku maalumu kwa hospitali za Kiwango cha 5. Katika miaka ya mwisho ya mpango huo Embu ilikuwa inapata takriban shilingi milioni 300 kwa mwaka na Meru takriban milioni 370. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 ruzuku ile ilimezwa ndani ya mgao wa kawaida wa kaunti. Pesa hazikufutwa, lakini zilipoteza jina, na pesa isiyo na jina kwenye bajeti ya kaunti huweza kuishia kwenye barabara ya wadi fulani. Wawakilishi Wadi, hapa nasema na nyinyi hasa. Mnaweza kwa sheria ya kaunti kuirudishia jina. Na ile sheria ya 2023 inayoruhusu hospitali kubaki na mapato yake iheshimiwe. Kilichokusanywa hospitalini kinunue glovu na oksijeni za hospitali, bila kwanza kusafiri hadi makao makuu na kurudi kimechoka.

SHA nayo inatugusa kwa njia ambayo labda haionekani Nairobi. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kuhisi. Sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kima cha chini, shilingi 300 kwa mwezi, ni 3,600. Mkulima wa Kanja hana 3,600 mwezi wa Februari, wakati wa karo na mbegu. Anazo bonasi ya majani chai ikitoka, au malipo ya kahawa yakifika. Kaunti ikae na viwanda vya Rukuriri, Mungania na Kathangariri, ikae na vyama vya ushirika vya kahawa, ili anayekubali akatwe bima yake siku ile ya malipo, kabla hela hazijapita sokoni. Wengi watakubali. Tumekatwa mambo ya ajabu zaidi kwenye hati za malipo yetu. Na kila mwenye bima hai anayelazwa ni bili moja isiyohitaji barua ya chifu.

Nimeomba mengi, na najua kwamba barua ya maombi mengi huwekwa pembeni kwa heshima. Basi mkitupilia mbali mengine yote, bakisheni hili. Kila mwezi bandikeni mlangoni pa kila hospitali ya kaunti, na kwenye ofisi ya kila wadi, hesabu tatu: mgonjwa aliyepewa rangi nyekundu alisubiri dakika ngapi kabla ya kuguswa na mhudumu, ni watu wangapi walioruhusiwa ambao bado wako vitandani kwa ajili ya bili, na ni mara ngapi usiku kituo kilichotangazwa kuwa wazi hakikuwa na tabibu. Msiajiri mshauri wa kuzikusanya. Muuguzi wa zamu anazijua, mwulizeni.

Ofisi ya wadi yetu ina ubao wa matangazo ambao kwa sasa una kalenda ya mwaka jana na tangazo la zabuni iliyokwisha. Nafasi ipo. Tutaanza kupita hapo kuanzia tarehe mosi Julai, mwaka mpya wa fedha ukifunguliwa.

Wenu kwa heshima,

Mkazi na mlipa kodi, Kanja